Kabla hujamlaumu jirani

Swali: Shikamoo daktari. Naandika kutoka Kimara. Tulikuwa na mbwa wa miaka mitatu, Bosi. Jumatano alianza kunyong'onyea na hakugusa chakula chake, ugali wa dona na dagaa, ambacho ndicho anachokula siku zote. Alhamisi akawa anahema juujuu. Ijumaa damu ikamtoka puani, na Jumamosi kabla ya adhana ya alfajiri akafa. Tulimpa maziwa na mkaa wa kusaga, lakini wapi. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alishatuambia mara mbili kwamba mbwa wetu anambwekea usiku na kwamba "siku moja atanyamaza". Mume wangu ana uhakika ni yeye. Sisi wenyewe tuliweka dawa ya panya stoo wiki moja kabla, ila ni juu ya kabati, mbwa hafiki. Tumebaki na mtoto wa mbwa wa miezi minne na paka jike. Nina pia kibustani cha mchicha na maua uani. Je, Bosi alilishwa sumu? Na hawa waliobaki nitawalindaje?

Jibu: Marahaba mwanangu, na poleni sana nyumbani.

Naomba mumwache jirani kwanza. Sisemi hana kosa. Nasema kifo ulichonisimulia hakifanani na kifo cha mbwa aliyetegewa.

Mtu anayetaka kumnyamazisha mbwa hutafuta kitu kinachoua usiku mmoja. Huku kwetu mara nyingi ni kiuatilifu cha shambani cha kundi la kabamati au oganofosfeti, kimefichwa ndani ya kipande cha utumbo na kurushwa juu ya ukuta. Mbwa aliyekula hicho hafiki siku ya tatu bila kuonyesha kitu. Ndani ya muda mfupi, dakika au saa chache, mate yanamchuruzika, macho yanalia, anajikojolea, anahara, na mboni za macho zinasinyaa mpaka zinakuwa kama tundu la sindano. Misuli inachezacheza chini ya ngozi, halafu inakuja degedege, na pumzi inakatika kwa sababu mapafu yamejaa majimaji. Akiwahishwa, tunayo atropini na inafanya kazi. Asipowahishwa, asubuhi mnamkuta amekauka na povu mdomoni, na mchanga aliolalia umechimbika kwa miguu yake. Bosi alichoka pole pole, akahema, akavuja damu. Hiyo ni njia nyingine kabisa, na kwenye njia hiyo mimi nina washukiwa watatu. Wote wanaishi upande wenu wa ukuta.

Wa kwanza ndiyo hiyo dawa yenu ya panya. Vile vipande vya rangi, vya buluu, kijani au pinki, vingi vina brodifakumu au bromadioloni. Havichomi tumbo wala havigusi ubongo. Vinalizuia ini lisiitumie vitamini K, na bila vitamini K ini haliwezi kutengeneza vigandishi vya damu. Sasa, vigandishi vilivyokwisha kutengenezwa vinaendelea kuzunguka mwilini siku mbili tatu, ndiyo maana mbwa anaweza kula chambo leo, kesho akakimbiza kuku kama kawaida, keshokutwa akakulaki getini, halafu kati ya siku ya tatu na ya tano mambo yakageuka ghafla. Mara nyingi damu huvujia kifuani kabla haijaonekana popote nje. Ule uhemaji wa juujuu wa Alhamisi ndio uliofanya niinue kichwa nilipokuwa nasoma barua yako.

"Juu ya kabati, mbwa hafiki." Mwanangu, panya anafika. Panya si mgeni wa hotelini wa kula mezani akaacha sahani. Anabeba chakula na kwenda kukila au kukificha anapojisikia salama. Kipande ulichokiweka juu ya kabati Jumatatu kinaweza kuwa nyuma ya gunia Jumanne, na Jumatano kikawa kwenye njia ya mbwa. Nimeshakuta vipande vya chambo ndani ya kiatu, na mara moja ndani ya sufuria ya kupikia chakula cha mbwa iliyokuwa imeinamishwa uani.

Mshukiwa wa pili ni kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa anabeba kijidudu kiitwacho ehrlichia, na ugonjwa wake unashambulia chembe sahani, zile zinazoziba tundu mshipa unapopasuka. Mbwa anapoteza hamu ya kula, anapata homa, anakonda, na mara nyingine damu inamtoka puani bila kupigwa wala kuanguka. Dar es Salaam ugonjwa huu upo tele. Mbwa wengi wanaoletwa kwangu wakisemwa "wamelishwa sumu" wana kupe masikioni na katikati ya vidole. Antibiotiki ya doksisaiklini, ikianza mapema, huwaponya wengi. Kwa hiyo leo jioni mshike mtoto wa mbwa, mfungue vidole kimoja kimoja, mwangalie na ndani ya masikio.

Mshukiwa wa tatu ni ile dona. Nitamrudia baadaye kwa sababu anastahili nafasi yake.

Ungeweza kujua ni yupi? Ndiyo. Bosi akiwa hai, kwa tone la damu na kipimo cha muda wa kuganda. Baada ya kufa, kwa kumpasua. Watu wengi hawajui kwamba daktari wa mifugo anafanya uchunguzi wa maiti ya mnyama, na kwamba vipande vya ini na vilivyomo tumboni vinaweza kupelekwa maabara, iwe Wakala wa Maabara ya Veterinari au kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Likitokea tena, Mungu apishe mbali, usizike kwanza. Mfunge mnyama kwenye plastiki mbili, mweke kwenye barafu (si kwenye friza, kugandisha kunaharibu nyama tunayotaka kuitazama), umlete siku hiyohiyo. Mkitaka kumshtaki mtu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo na inakataza ukatili kwa wanyama, lakini polisi watataka karatasi ya maabara. Maneno ya juu ya ukuta hayatawatosha.

Sasa waliobaki. Kesho asubuhi, kabla ya kitu kingine, panda ngazi uhesabu vipande vilivyobaki juu ya kabati. Kama mliweka vinane na sasa ni vitatu, mtoto wa mbwa na paka waletwe kesho hiyohiyo hata kama wanaruka sarakasi. Siku wanayoonekana wazima ndiyo siku ya kuwaokoa. Tiba ni vidonge vya vitamini K1, vikitolewa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili vifyonzwe, kwa muda wa wiki nne au zaidi, kwa sababu brodifakumu hukaa ndani ya ini muda mrefu sana. Dozi ikiisha tunasubiri saa 48 ndipo tunapima damu tena. Wenye mbwa huacha vidonge wiki ya pili kwa kuwa "ameshapona", na wiki ya tatu wanarudi wamembeba kwenye shuka.

Na tafadhali usiende duka la pembejeo kununua vitamini za kuku ukiambiwa "hizi nazo zina K". Nyingi zina K3. Hiyo haitibu sumu hii, na ikizidi inadhuru.

Mje na pakiti. Nitalisema hili tena kabla sijamaliza, maana kwenye meza yangu pakiti iliyochanika ina thamani kuliko maelezo ya nusu saa.

Naleta habari ya pakiti kwa sababu kuna sumu ya panya isiyo na pakiti yenye maana. Unga mweusi au wa kijivu, vijiko viwili vitatu ndani ya karatasi ya nailoni, unauzwa stendi na mnadani na kijana mwenye kipaza sauti. Mara nyingi huo ni zinki fosfaidi. Ukikutana na asidi ya tumboni unatoa gesi ya fosfini, na gesi hiyo ndiyo inayoua. Hakuna dawa ya kuiondoa. Tunachoweza ni kuuhimili mwili wakati unapambana. Mbwa aliyeila akitapika, matapishi yananuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, na harufu hiyo ni gesi yenyewe. Fungueni madirisha ya gari, msiinamie matapishi, watoto wakae mbali. Na msimlishe chochote: chakula kinaamsha asidi, asidi inatoa gesi zaidi. Wakati mwingine unga wa mtaani si zinki kabisa bali ni kile kiuatilifu cha kabamati nilichokitaja juu, kimepondwa. Muuzaji mwenyewe hajui. Kabla hujanunua, tafuta kwenye lebo jina la kemikali na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (walioko Kenya, ya Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Wadudu, PCPB). Kisicho na lebo kiache hukohuko.

Mimi stoo yangu natumia mitego ya kubana, na saruji yenye vipande vya chupa kwenye matundu. Panya akikosa unga na maji hakai. Kama ni lazima utumie chambo, nunua vile vipande vyenye tundu katikati, uvipitishe kwenye waya ndani ya kasha gumu linalofungwa, kasha lipigwe misumari ukutani. Panya anaingia na kula, ila hatoki na mzigo. Chambo cha punje au unga uliomwagwa kwenye kisahani, hapana. Na paka wako anakula panya, sivyo? Panya aliyekula sumu anakuwa mzito, anatembea mchana, anakamatika kirahisi. Akimla mmoja anaweza asidhurike. Paka hodari anayekamata wawili watatu kwa wiki ni habari nyingine, kwa hiyo kasha au si kasha, mwenye paka mwindaji ningemshauri abaki na mitego.

Tukiwa kwa paka, nikusimulie. Kijana mmoja aliniletea paka ndani ya ndoo ya rangi ya lita kumi, amemfunika na nusu ya kanga. Alikuwa na viroboto, akasema, kwa hiyo amemwogesha. Kwa nini? Kwa dawa ya kuogeshea mbuzi wa bibi yake, kizibo kimoja kwenye maji ya beseni. Nilipofunua kanga, paka alikuwa anatikisa masikio mfululizo na kukung'uta miguu ya mbele mmoja baada ya mwingine, kama aliyekanyaga maji asiyoyapenda. Baada ya dakika kumi mwili mzima ulikuwa unatetemeka, joto limepanda. Ilikuwa sipamethrini. Tulimwosha kwa sabuni ya kuoshea vyombo na maji ya uvuguvugu, mara mbili mpaka manyoya yakalia chini ya vidole. Si maji ya moto, kwa maana maji ya moto yanafungua ngozi ikanywa sumu zaidi. Tukamkausha, tukamtundikia dripu, tukampa dawa za kulegeza misuli usiku mbili. Siku ya tatu alimparua msaidizi wangu mkononi, tukajua amerudi.

Sikia kwa nini. Ini la paka limepungukiwa vimeng'enya ambavyo mbwa, ng'ombe na sisi tunavitumia kuvunja kemikali nyingi. Kisha paka ana tabia ya kujilamba: chochote kilichogusa manyoya au nyayo zake, kesho kimo tumboni. Ukiunganisha mambo hayo mawili unaelewa kwa nini dawa ya viroboto ya kudondoshea mbwa mgongoni yenye pamethrini inamuua paka, na kwa nini amitrazi ya josho simpi kabisa. Unaelewa pia kwa nini ile chaki ya mende mnayochora chini ya sinki ni hatari kwake, na kwa nini ile dawa ya kahawia ya kuua vijidudu, inayogeuka maziwa ukiitia maji, haifai kumwogeshea. Hata zile tufe nyeupe za naftalini kwenye kabati la nguo zimo kwenye orodha hii, kwa paka na kwa mbwa vilevile. Viroboto vya paka vina dawa yake iliyoandikwa "paka" na uzito wake. Ikiandikwa "mbwa" usiigawanye nusu.

Na parasetamoli. Hii inaniumiza kwa sababu inatolewa kwa huruma. Paka ana homa, mtu anavunja kidonge cha miligramu 500, anamtilia kwenye maziwa. Kidonge hicho kimoja kinatosha kumuua. Damu yake inageuka rangi, haibebi hewa tena. Fizi zinakuwa za kahawia kama chai ya rangi, uso na miguu vinavimba, anahema kinywa wazi. Kuna dawa ya kupambana nayo, asetilisisteini, lakini saa ndizo zinazoamua. Ibuprofeni na diklofenaki nazo, kwa mbwa na paka, zinatoboa tumbo na kuchosha figo. Kwa ufupi, dawa za maumivu za nyumbani ni za watu wa nyumbani.

Nirudi kwa mshukiwa wa tatu. Mahindi yanapofika nyumbani tunachambua: mazuri kwa watu, yaliyooza, yaliyobadilika rangi na kuota ukungu, kwa kuku na mbwa. Kila mtu anafanya hivyo, mama yangu alifanya hivyo. Ukungu huo unatengeneza sumukuvu, na mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao linaumia upesi kwa sumukuvu. Sumu hii haioni moto; upike ugali saa nzima, bado imo. Mwaka 2016 ilitokea kwetu Dodoma na Manyara, watu 20 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumukuvu. Kenya mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, walifariki 125. Hao ni watu waliokula mahindi waliyoyaona yanafaa kuliwa. Mbwa tunampa yale tuliyoyatupa, tena kila siku, mlo uleule, miezi. Anaacha kula, anatapika, fizi na weupe wa macho vinakuwa manjano, na kwa kuwa ini ndilo linalotengeneza vigandishi, anavuja damu. Umeona sasa kwa nini sikumtoa kwenye orodha? Sijui kama weupe wa macho ya Bosi ulikuwa manjano, hukuniandikia. Mkumbuke, muulizane nyumbani. Na gunia la dona mlilokuwa mkimpikia, kama lina harufu ya uvundo au mabonge, usimpe mtoto wa mbwa wala kuku, maana nyama na mayai ya kuku hao ni yenu.

Jikoni kwingine ni habari fupi. Vitunguu, vya maji na saumu, vibichi au kwenye mchuzi, vinavunja chembe nyekundu za damu. Kwa mbwa wa kilo kumi, kama gramu 150 zinatosha kumdhuru, yaani kitunguu kimoja kikubwa au viwili vya wastani; paka wa kilo nne, gramu 20 tu. Makoko ya wali yaliyomwagiwa mchuzi kila jioni yanajumlisha. Zabibu kavu zinaharibu figo za mbwa, na hakuna anayeweza kukuambia ngapi ni salama, kwa hiyo siku ya Idd sahani za pilau au biriani yenye zabibu zisiachwe kwenye mkeka. Chokoleti nyeusi, hapana. Bigijii isiyo na sukari yenye zailitoli inashusha sukari ya mbwa mpaka anaanguka. Na kwa wenye magari, maji ya rejeta yenye kulanti ni matamu. Paka akilamba kiasi cha kijiko cha chai kilichovuja chini ya gari, figo zinaweza kufa. Mwaga mchanga, zoa, tupa.

Bustani. Mchicha wenyewe hauna neno, tatizo ni unachoupulizia. Pulizia jioni wanyama wakiwa ndani, na wasitoke mpaka majani yakauke kabisa. Bomba na ndoo vioshwe mbali na bakuli lao. Dawa isihamishiwe kwenye chupa ya soda. Hili nalisema kwa ajili ya watoto wako kuliko mbwa. Kama konokono wanakusumbua usinunue zile punje za buluu au kijani za metaldihaidi. Zimechanganywa na pumba ili konokono azipende, na mbwa anazipenda vilevile. Anatetemeka na kupanda joto mpaka anapikika kwa ndani. Konokono okota usiku kwa tochi. Mwarobaini uliochemshwa kwa ajili ya mchicha sina ugomvi nao, ila mafuta yake usimpake paka.

Maua hukunitajia majina, kwa hiyo nataja yale ninayoyaona sana. Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, una mbegu zilizopakwa madoadoa kama kupe aliyeshiba. Ikimezwa nzima inaweza kupita salama. Ikitafunwa inatoa sumu iitwayo ricini, na mtoto wa mbwa wa miezi minne hutafuna kila kitu. Mtapo, huu unaofanana na mnazi mfupi na ambao pwani babu zetu waliula wakati wa njaa, waliula baada ya kuuloweka na kuukausha siku nyingi, na walikuwa na sababu: mbegu zake zinaua ini. Mbwa hasubiri kuloweka. Oleanda, ya pinki au ya manjano, inagonga moyo. Mnyaa wa ukingoni, utomvu wake ukiingia jichoni osha kwa maji mengi robo saa nzima. Wasomaji wangu wa Arusha na Nairobi wana kile kichaka chenye maua yanayochanua zambarau, kesho yake yanapauka, keshokutwa ni meupe, brunfelsia. Mbwa anapenda vitunda vyake, na degedege lake linaweza kuendelea siku kadhaa.

Kwa paka ua la kuogopa ni moja kuliko yote: yale mayungiyungi makubwa yenye umbo la tarumbeta na chavua ya rangi ya chungwa, yanayoletwa kwenye shada la harusi au la Pasaka. Chavua iliyomwagikia mgongoni, akajilamba, inatosha. Maji ya chombo cha maua yanatosha. Figo zinazima ndani ya siku moja hadi tatu. Nyumba yenye paka isiwe na ua hilo.

Umenieleza kwamba mlimpa maziwa na mkaa. Sikulaumu, ndivyo tulivyolelewa sote, na kwa namna ninavyomsoma Bosi havikumuua. Lakini nikuambie ukweli wa kazi. Maziwa hayaikamati sumu. Baadhi ya sumu zinayeyuka kwenye mafuta, na mafuta ya maziwa au mawese yanazisindikiza ndani upesi zaidi. Mnyama mwenye degedege ukimmiminia kitu kinywani kinaingia mapafuni, na hapo umemwongezea ugonjwa wa pili. Mkaa wa jikoni nao si mkaa wa dawa. Ule wa dawa umechomwa na kutobolewa matundu madogo mno yanayonasa kemikali, na dozi yake ni gramu kadhaa kwa kila kilo ya mnyama. Chumvi ya kumtapisha inaweza yenyewe kumuua. Sabuni ya unga, mayai mabichi, mafuta ya taa, yote acha. Na aliyekunywa mafuta ya taa, tindikali ya betri au dawa ya kung'arisha nguo asitapishwe na mtu yeyote: kilichounguza kikishuka kitaunguza kikipanda.

Unachoweza kufanya ni hiki. Muondoe penye sumu. Kilicho kwenye manyoya, kioshe kwa sabuni ya vyombo, ukiwa na glavu au hata mifuko ya nailoni mikononi. Piga simu kwa daktari ukiwa tayari unatafuta bodaboda au bajaji, mweleze uzito wa mnyama, amekula nini, saa ngapi. Daktari akisema mtapishe, atakuambia kwa nini na kiasi gani. Njia tunayoitumia kwa mbwa haifai kwa paka. Matapishi yachukue kwenye mfuko. Hifadhi namba ya kliniki kwenye simu leo, na ya pili inayofungua usiku, kwa sababu mbwa hula sumu saa nne za usiku siku ya Jumapili.

Kuhusu jirani, ushauri wangu si wa kidaktari. Mbwa anayebweka usiku kucha mara nyingi ana panya, njaa au upweke. Mtoto wa mbwa alale ndani ya ukuta wa nyumba, si kando ya ukuta wa jirani, na mfundisheni kutokula kitu kisichotoka kwenye bakuli lake. Kwa miezi minne bado anafundishika. Mumeo asiende kugonga geti la mtu kwa hasira kabla hamjahesabu vile vipande juu ya kabati.

Bosi, kama mlimzika uani, hakikisheni shimo linafika kiunoni na juu kuna mawe. Kama ni ile sumu ya panya bado imo ndani ya ini lake, na yule mdogo ana miezi minne na makucha.

Kliniki nafungua saa mbili asubuhi. Mlete na paka, kila mmoja kwenye boksi lake, na pakiti, hata kama imebaki kipande.